Umeme Utoke Wapi: Vazi la Joto kutoka Angani hadi Baba Dogo

Mwezi wa Julai Nairobi haina huruma na mtu wa zamu ya asubuhi. Jua halijatoka, na barabara ya Baba Dogo, eneo la Ruaraka, tayari imejaa watu waendao viwandani. Wengine wanatoka Korogocho na Lucky Summer kwa miguu, wengine wamepakiwa wawili wawili nyuma ya bodaboda. Kipimajoto husoma nyuzi 11 au 12. Kwa mtembea kwa miguu hiyo ni baridi ya kutia mikono kwapani tu. Kwa mwenye pikipiki anayekata upepo kuelekea Allsops kwa kilomita 60 kwa saa, kanuni ya wataalamu wa hali ya hewa inasema ngozi yake huipokea kama nyuzi 7 hivi. Ndiyo maana utamkuta ametandika gazeti kifuani ndani ya jaketi, mikono ya usukani ameifunika kwa mifuko minene ya ngozi bandia, na juu ya yote amevaa koti la mitumba lililoshonwa kwa ajili ya theluji ya nchi ambayo hajaiona.

Koti, hata liwe zito namna gani, halina joto lake. Kazi yake ni kulinda lile linalotoka mwilini lisipeperushwe. Mtu aliyetulia hutoa joto la takriban wati 100, sawa na balbu ya zamani. Anayekimbia kwa nguvu hutoa mara kadhaa ya hapo. Philip Boit, Mkenya wa kwanza kushiriki Olimpiki ya majira ya baridi, aliteleza kilomita 10 kwenye theluji ya Nagano mwaka 1998 akamaliza wa mwisho, na bingwa Bjørn Dæhlie wa Norway akabaki mstarini akimsubiri ili ampokee. Boit alikuwa na shida nyingi siku ile, lakini kuganda hakukuwa miongoni mwazo, kwa sababu miguu na mikono yake yote ilikuwa kazini. Baridi humwadhibu aliyekaa kitako penye upepo: mwendesha bodaboda, soja wa lango la kiwanda usiku wa manane, na kabla yao wote, mtu wa ndege.

Kwa hiyo historia ya vazi linalopashwa moto kwa umeme inaanzia angani.

Vita vya kwanza vya dunia vilipofika kwetu, watu wa ndege waliteswa na jambo jingine kabisa. Mwaka 1915 Waingereza walileta ndege kisiwani Mafia ili kuisaka meli ya kivita ya Kijerumani, Königsberg, iliyokuwa imejificha katika delta ya Rufiji. Joto na unyevu wa pwani vikazishambulia ndege hizo za mbao na kitambaa hata gundi ikaanza kuachia. Ulaya mambo yalikuwa kinyume. Ndege hazikuwa na paa, na rubani alikaa wazi kwenye upepo maelfu ya mita juu ya ardhi, amejipaka usoni mafuta ya nyangumi ili ngozi isiungue kwa baridi. Walivaa manyoya, ngozi, sweta juu ya sweta, wakawa wanene wasioweza kugeuka vitini.

Ufumbuzi wa kwanza wa maana uliletwa na uchafu. Sidney Cotton, rubani kutoka Australia, alikuwa akihangaika na injini ya ndege yake pale tahadhari ilipotolewa, akapaa vilevile alivyokuwa, na ovaroli yake iliyoloa mafuta na girisi. Waliporudi wenzake walikuwa wakitetemeka, yeye hana habari. Akang'amua kwamba mafuta yalikuwa yameziba vitundu vya kitambaa, hewa yenye joto ikakosa pa kutokea. Mwaka 1917 akashonesha London suti ya tabaka tatu, kitambaa kigumu nje, hariri isiyopitisha hewa katikati na manyoya ndani, ikaitwa Sidcot kwa kufupisha jina lake. Fundi yeyote wa gereji pale Kariobangi Light angeweza kumweleza habari za ovaroli ya girisi bila kupanda ndege, lakini hakuna aliyekuwa wa kuulizwa.

Sidcot nayo ilikuwa koti tu. Kabla vita havijaisha, wahandisi walikuwa wamekwisha anza kupitisha nyaya ndani ya glavu, viatu na fulana za marubani. Umeme ulitoka kwenye jenereta ndogo iliyofungwa nje ya ndege, ikiwa na pangaboi lake, na kilichoizungusha ni upepo uleule uliokuwa ukimgandisha rubani. Ni fikra safi sana. Ila hapo ndipo swali la vazi hili lilipowekwa mezani, na miaka mia imepita halijaondolewa. Kushona nyaya ndani ya nguo ni kazi ya cherehani na subira. Umeme utoke wapi, na nani aubebe?

Novemba ya mwaka huohuo 1917, puto kubwa la Kijerumani aina ya Zeppelin, L 59, lilipaa kutoka Jamboli nchini Bulgaria likiwa na tani zipatazo 15 za risasi, dawa na vifaa vya jeshi la kamanda wa Kijerumani Paul von Lettow-Vorbeck huku Afrika Mashariki. Lilivuka Mediterania na jangwa, likafika magharibi ya Khartoum, na huko tarehe 23 likaamriwa kurudi. Lilikaa angani saa 95, likapita kilomita 6,757 bila kutua. Mchana watu wake walikaangwa na jangwa, usiku wakagandishwa na hewa ya juu, wengine wakaanza kuona vitu visivyokuwapo. Lingefika salama lisingerudi tena, kwani mpango ulikuwa livunjwevunjwe, kitambaa chake kishonwe mahema na bandeji. Kitambaa kilichokusudiwa kutua kwetu kwa njia ya anga kikaishia Bulgaria.

Miaka ya baada ya vita iliendelea kutoa mifano ya hapa na pale ya watu waliopanda kwenye baridi ya juu. Tarehe 8 Januari 1930 Mswisi Walter Mittelholzer alirusha ndege juu ya Kibo akaipiga picha theluji ya Kilimanjaro kutoka juu, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kufanywa. Tarehe 3 Aprili 1933 ndege mbili za Kiingereza zilipita juu ya Everest kwa mara ya kwanza, na waliokuwa ndani walivaa suti zenye nyaya za joto. Bado lilikuwa vazi la wachache, watu wa safari za kuandikwa magazetini.

Vita vya pili ndivyo vilivyolifanya vazi la maelfu. Hesabu yake haimbagui mtu wa ikweta: kila kilomita unayopanda, hewa hupoteza nyuzi 6 na nusu hivi. Siku ya Baba Dogo yenye nyuzi 22, ukipanda hadi mita 7,600 juu ya usawa wa bahari utakuta nyuzi 17 hivi chini ya sifuri. Ulaya wakati wa baridi, kimo hichohicho kilikuwa nyuzi 40 chini ya sifuri na zaidi, na huko ndiko ndege za Marekani aina ya B-17 zilikopita kuanzia mwaka 1942 kwenda kupiga mabomu. Madirisha ya ubavuni walikosimama wapiga bunduki yalikuwa wazi. Bunduki ikikwama, kijana alivua glavu ili aikwamue, na ngozi ya kiganja ikabaki kwenye chuma. Katika miezi ya mwanzo, walioondolewa kazini kwa kuumwa na baridi walizidi waliojeruhiwa na adui.

Kampuni ya General Electric ilikuwa ikitengeneza mablanketi ya umeme tangu kabla ya vita, ikaombwa iligeuze blanketi kuwa nguo. Ikatoka suti iliyopewa nambari F-1, ya kitambaa laini cha buluu, na vijana wakaibatiza Sungura wa Buluu. Ilivaliwa ndani ya suti ya nje na ikachomekwa kwenye soketi ya ndege, na pembeni ya soketi kulikuwa na kitasa cha kupunguza au kuongeza moto. Kwenye meza ya maabara ilifanya kazi vizuri mno.

Angani ikaanza kufa. Nyaya zake zilipangwa mfululizo, umeme ukiingia upande mmoja na kulizunguka vazi zima kabla ya kutoka upande wa pili. Mtu huinama, hukunja goti, hujipinda kufuata ndege ya adui. Waya ukikunjwa mara elfu kwenye kiwiko hukatika, na ukikatika mahali pamoja tu, suti yote inazima, kuanzia shingoni hadi kwenye soksi. Marekebisho yalikuja na F-2 mwaka 1943 na F-3 mwaka 1944, ambazo nyaya zake zilipangwa sambamba, kila sehemu na njia yake, ili ugoko ukizima kifua kibaki na moto. Nimeisoma habari hii mara nyingi na bado naona kwamba hapa ndipo somo lote lilipo kwa anayetaka kutengeneza vazi kama hili leo. Umbali kati ya nguo inayofaa na nguo inayoua ulikuwa ni mpangilio wa nyaya tu.

Yalibaki matatizo ambayo hakuna mpangilio ungeyaponya. Aliyewasha suti mapema, ndege ikiwa bado chini, alitoka jasho, na jasho likamgandisha juu. Na aliyeitwa kwenda kumsaidia mwenzake aliyejeruhiwa ilimbidi kwanza achomoe waya. Hapo akawa mtu wa kawaida ndani ya barafu, hadi apate soketi nyingine. Joto halikuwa lake. Lilikuwa la ndege.

Uwanja wa ndege wa Eastleigh, kilomita chache tu kutoka Baba Dogo, ulijengwa na jeshi la anga la Uingereza katika vita hivyohivyo. Vita vilipokwisha, ndege za Lancaster zilikuja hapo kupiga picha za kuchorea ramani, na mwaka 1953 zikafuatwa na Lincoln, ndege za ukoo huohuo ambao wapiga bunduki wake wa mkiani walikuwa wamevaa suti za umeme juu ya Ujerumani. Safari hii mabomu yalidondoshwa Nyandarua. Chini yake, katika msitu unaopanda kupita mita 3,000, wapiganaji wa Mau Mau waliikabili baridi kwa nguo za ngozi za wanyama walizojishonea wenyewe. Dedan Kimathi alipopigwa risasi na kukamatwa tarehe 21 Oktoba 1956 alikuwa amevaa joho la ngozi ya chui. Nikiulizwa lipi kati ya mavazi hayo mawili lilidai ufundi mkubwa zaidi, sitakuwa na haraka ya kujibu.

Ajabu ni kwamba mtu alipofika mwezini mwaka 1969 hakuhitaji kupashwa moto. Ndani ya suti yake alivaa nguo yenye mirija ya maji ya kumpoza, maana suti iliyozibwa kila upande humchemsha aliyemo. Vazi la joto liliteremka kutoka angani, likashuka barabarani.

Miaka ya 1970, katika jimbo la Washington nchini Marekani, Gordon Gerbing alikuwa na karakana ya kukereza vyuma. Wafanyakazi wake kadhaa walikuja kazini kwa pikipiki, na asubuhi za baridi walifika vidole vikiwa vimekufa ganzi, hawawezi kushika mashine. Akaanza kuwatengenezea nguo zenye nyaya zilizochomekwa kwenye betri ya pikipiki, na biashara yake ikahama kutoka vyuma kwenda nguo. Mwenye kiwanda chochote cha Ruaraka anaijua nusu saa ya kwanza ya zamu ya Julai, wakati mikono ya watu bado haijarudi mwilini. Tofauti ni kwamba pikipiki kubwa za kule zilikuwa na umeme wa kutosha kugawia. Bodaboda zetu, ambazo zilianza kumiminika baada ya serikali kuondoa ushuru wa pikipiki ndogo mwaka 2008, zina injini ndogo na betri ndogo ya volti 12 inayotosha taa, honi na kuwashia. Ukiitundika juu yake nguo inayokula wati 40 kila siku, kesho utapiga teke la kuwashia mpaka goti lichoke.

Hivyo tunalirudia swali la nani aubebe umeme, na kwa Kenya jibu la muda mrefu lilikuwa Nakuru. Kiwanda cha Eveready kilianzishwa huko mwaka 1967, kikatoa mawe ya tochi na redio yaliyofika kila duka la kijiji, yakiwa na alama ya paka. Mawe yale yaliwasha mengi, ila ukiyadai joto hukosa pumzi. Ili upate volti 12 lazima upange manane mfululizo, uzito wake unakaribia kilo, na kwa kazi ya nguvu namna hiyo yangezimia upesi. Kila aliyekulia shamba anakumbuka yalivyoanikwa juani juu ya bati yanapochoka. Haukuwa ushirikina. Joto huharakisha kemia iliyo ndani, jiwe likapata uhai wa jioni moja zaidi kwa ajili ya taarifa ya habari. Kinyume chake nacho ni kweli, na ni kejeli ya vazi hili: betri nayo husikia baridi, na hutoa umeme kidogo zaidi saa ileile unapouhitaji. Kiwanda cha Nakuru kilifunga utengenezaji mwaka 2014.

Betri za risasi na asidi, zile za magari, zilikuwa na nguvu zaidi, lakini nani atavaa kilo kumi na kitu kifuani? Na zikifa hazifi peke yake. Mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, ulitiwa sumu ya risasi na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichoanza mwaka 2007, na ilichukua ukaidi wa mwanaharakati Phyllis Omido na wenzake hadi kikafungwa mwaka 2014. Mahakama mwaka 2020 ikaamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na kesi ikaendelea kupanda ngazi za rufaa hata baada ya hapo.

Kilichovunja fundo ni betri ya lithiamu. Sony iliipeleka sokoni mwaka 1991, na kazi iliyoizaa ikawapa John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019. Umbo lake lililoenea sana ni seli ya mviringo yenye upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65, uzito wa gramu 45 hivi. Ikiwa mpya hubeba wati 9 kwa saa moja. Kwa uzito uleule, hubeba mara tano hivi ya betri ya risasi. Mwaka 2010 kampuni ya vifaa ya Milwaukee ikatoa jaketi lililopashwa moto na betri ileile ya drili, na mfanyakazi wa kawaida akavaa joto asilolazimika kulichomeka popote. Akipanda ngazi linapanda naye.

Seli hizo zilifika Nairobi ndani ya kompyuta za mapajani, na kompyuta nyingi zilifika zikiwa zimekwisha tumika kwingine. Mwaka 2006 nchi wanachama wa Mkataba wa Basel wa kudhibiti taka hatari zilikutana mjini hapa na kutoa azimio kuhusu taka za elektroniki. Dandora, ng'ambo ya mto kutoka Korogocho, jaa lililofunguliwa mwaka 1975 na kutangazwa kwamba limejaa mwaka 2001 lilikuwa bado linapokea malori. Azimio lilikuwa zuri. Waliolitekeleza kwa mikono ni watu waliokuwa wakichambua taka tangu zamani, nao waligundua mapema kwamba betri ya laptopu iliyotupwa kwa kisingizio cha kufa mara nyingi haijafa.

Hebu tuitazame kazi yenyewe kwa karibu, kama mafundi wa jua kali wanavyoifanya. Ganda la plastiki hupasuliwa pembeni kwa bisibisi bapa, polepole, maana ncha ikitoboa seli moto unatoka hapo hapo mezani. Ndani mara nyingi mna seli sita, mbili mbili sambamba, jozi tatu mfululizo, zimeunganishwa kwa vipande vyembamba vya nikeli. Kila moja hupimwa kwa multimita. Iliyoshuka chini sana, karibu na sifuri, huwekwa kando na haichajiwi tena hata ikibembeleza. Zilizobaki huchajiwa, huachwa zipumzike siku kadhaa, kisha hupimwa upya. Ile inayovuja chaji ikiwa imekaa tu ni mgonjwa. Mara nyingi ni jozi moja iliyochoka ikaifanya kompyuta ikatae betri nzima. Ni kosa lilelile la Sungura wa Buluu: katika msururu, mmoja akianguka wote wanahesabiwa wameanguka.

Tuseme fundi amepata sita nzuri, kila moja imebakiwa na ampea moja na nusu kwa saa. Jozi tatu mfululizo hutoa volti 11 na kitu, na jumla ya wati 33 kwa saa moja. Uzito haufiki gramu 300. Sasa nguo. Waya wa kawaida wa shaba haufai, kwa kuwa shaba haina ukinzani wa kutosha na itainyonya betri kwa pumzi moja. Unaotumika ni waya wa nyuzi za kaboni ndani ya ngozi ya silikoni, laini kama kamba ya kiatu. Aina inayouzwa sana ina ukinzani wa ohmu 33 kwa kila mita. Kwa volti 11, mita moja hutoa joto la karibu wati 4. Vipande vinne vya mita moja moja, viwili mgongoni, kimoja kifuani na kimoja shingoni, vikiunganishwa sambamba, hufanya wati 15 hivi. Betri itavilisha kwa saa mbili na ushee, muda wa kutosha kutoka Baba Dogo hadi mjini, kupakia wateja wa asubuhi hadi jua litoke.

Wati 15 ni kidogo ukilinganisha na 100 za mwili, na anayetegemea kuokwa atasikitika. Lakini zikikaa chini ya koti zuri, karibu na ngozi, mahali damu inapopita kwenda mikononi, zinatosha kuudanganya mwili uache kuifungia damu kifuani. Ndiyo sababu wazoefu wanasema pasha mgongo kwanza, vidole vitafuata.

Hatari haifai kufichwa. Seli za lithiamu zikigusanishwa ncha huwaka, na mtu aliyevaa moto hana pa kukimbilia. Kwa hiyo huwekwa saketi ya ulinzi inayokata umeme chaji ikishuka mno au mkondo ukizidi, fyuzi kwenye waya mkuu, na swichi ya joto inayojizima yenyewe kwenye kitambaa. Betri hukaa mfuko wa nje, ndani ya kasha gumu, mahali pa kuchomoka kwa mkupuo mmoja. Waya hushonwa kwa mapindo mapana kama ya nyoka, wala haupitishwi kwenye kiwiko. Na mvua ya Nairobi ikumbukwe, kila kiungo kizibwe. Mshonaji aliyezoea mstari wa kiwandani atacheka akiona jinsi kazi ya sindano ilivyo rahisi, na fundi wa simu atacheka akiona jinsi kazi ya lehemu ilivyo rahisi. Wote wawili wako umbali wa kutembea kwa miguu hapa Ruaraka, ila hukutana kwa nadra kwenye meza moja.

Bodaboda za umeme sasa zimeleta jibu jingine. Roam, kampuni iliyoanzia Nairobi mwaka 2017 kwa jina la Opibus, inauza pikipiki yenye betri ya kilowati 3.24 kwa saa. Nguo ya wati 20 ikitumika saa tatu hula jumla ya wati 60 kwa saa moja tu, zisizofika asilimia 2 ya betri hiyo. Kwa hesabu tatizo limekwisha. Lakini waendeshaji wengi wa pikipiki za umeme hawamiliki betri; hubadilishiwa vituoni na kulipia chaji, na ndani yake mna kompyuta inayofuatilia kila kinachotoka. Anayechomeka vazi hapo anarudi pale alipokuwa mpiga bunduki wa B-17, joto lake limo ndani ya mashine ya mwingine, na akishuka limekwisha.

Soja wa lango hana hata mashine ya kuchomekea. Zamu yake ni saa 12, kuanzia jioni hadi asubuhi, na chombo chake cha joto ni jiko la makaa alilolisogeza ndani ya kibanda na kufunga mlango, jambo linaloua watu kwa hewa ya sumu isiyo na harufu. Wati 10 mgongoni kwa usiku mzima ni jumla ya wati 120 kwa saa moja. Hizo ni seli 14 mpya, au 22 za kuokotwa zilizobakiwa na ampea moja na nusu, uzito wa kilo moja mkandani. Gharama kubwa ya kazi hiyo kwa fundi si waya wala kitambaa. Ni siku atakazomaliza akipima, hadi azipate 22 zinazofanana.